Kuzoeshwa Jua

Kuna harufu moja inayoniharibia siku mpaka leo, nayo ni ya gunia la katani lililolowa maji halafu likaanza kupigwa na jua. Magunia hayo yamekuwa machache siku hizi, kila kitu kinafungwa kwa nailoni, kwa hiyo inaweza kupita hata miaka miwili sijakutana nayo. Juzi nilikutana nayo kwa muuza viazi. Alikuwa amefunika viazi vyake kwa gunia lililonyeshewa, jua la saa tatu likaanza kulikausha, na mimi nikasimama pale na kikapu changu nimesahau kilichonileta. Akaniuliza, "Mathe, unataka ngapi?" Nikamwambia sitaki. Nikaondoka nimekasirika, na aliyenikasirisha yuko chini ya udongo miaka mingi sasa.

Mama yangu alikuwa akikuza miti Kibera. Najua mnavyocheka. Mliokulia Soweto East, upande ule wa Kibera, mnakumbuka pale chini kabla ya maghorofa ya serikali, ule ukingo wa mto ambao hakuna aliyeutaka kwa sababu ya uvundo. Mama aliutaka. Aliusafisha kwa jembe la kuazima, akapanga vitalu vinne, akazungushia mabati mabovu, na watu wakaanza kumwita Mama Miti. Kwao kulikuwa karibu na msitu wa Kakamega, na miti aliyoijua ilikuwa ya msitu: lusiola, ambayo jirani zetu Wajaluo waliiita siala, na mwiritsa, ule ambao magome yake huchemshwa kuwa dawa. Wanunuzi walitoka mtaa wa Ayany, watu wenye nyumba za geti na udongo wa kupanda kitu. Miche ilikaa kwenye zile pakiti za maziwa za pembetatu. Tuliziokota, tukazikata kona moja, tukazijaza udongo.

Kazi yote ya mama ilikuwa kivuli. Mtu angedhani ni maji au mbolea, lakini hivyo aliviona vitu vya kawaida. Mbegu ikichipuka aliijengea paa la fito, na juu ya fito akatandika magunia matatu, moja juu ya lingine. Msituni, alisema, mche unazaliwa chini ya miti mikubwa na jua linaufikia kwa vipande. Ukiuanika ungali mchanga, unaungua kwa siku moja. Ukiuacha gizani kupita kiasi, unarefuka na kupauka ukitafuta mwanga, na shina linakuwa jembamba mpaka linalala lenyewe. Kwa hiyo magunia yalitolewa polepole: la kwanza, kisha la pili, halafu lile la mwisho likaondolewa asubuhi tu, baadaye mpaka adhuhuri, baadaye kutwa nzima. Kazi hiyo aliiita kuzoesha. Lusiola ilizoea upesi, maana hupenda jua tangu utotoni. Mwiritsa ilitaka subira.

Siku zilihesabiwa kwa kamba. Kila kitalu kilikuwa na kamba ya katani iliyoning'inia kwenye nguzo, fundo moja kwa kila siku iliyobaki, na kitambaa chekundu mahali ambapo gunia lilipaswa kutolewa. Daftari linalowa, alisema. Kila asubuhi fundo moja lilifunguliwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kucha, kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilijivunia sana. Niliamini kwamba nikikosa kufungua fundo, siku haiendi.

Kulikuwa na kitalu kimoja kilichokaa vibaya, kando ya ukuta wa jirani aliyeongeza chumba na kutuzibia jua. Miche ya pale ilikuwa mirefu kuliko yote, na mimi niliiona ndiyo mizuri. Ilikuwa na rangi ya kijani hafifu iliyokaribia njano, na ilijipinda yote upande mmoja. Mama hakuipenda hata kidogo. Kila mara aliichambua, akaitenga nje ya mabati, na aliyepita akaruhusiwa kuichukua bure. "Beba ukitaka," aliwaambia, "lakini usirudi kunilaumu." Nilimuuliza kwa nini anatupa iliyokua zaidi. Akasema, "Hii haijakua. Hii ni njaa ya jua tu."

Mwaka huo nami nikarefuka. Sijui kama mnakumbuka mwaka wa namna hiyo katika maisha yenu. Gauni la shule linapanda, magoti yanatokeza, na kila mtu anajipa ruhusa ya kusema. Baba Achieng, fundi wa mbao aliyekuwa na kibanda mkabala na mabati yetu, ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu wa utani, na ndiye aliyetupa vumbi la mbao la kuhifadhia mbegu.

"Sasa Mama Miti," alisema akiegemea nguzo. "Huyu msichana unamlisha nini? Ameenda juu aki, kama hiyo miche yako ya kwa ukuta."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Si umeona? Huyu nitampea Rosa. Hapa ananiharibia laini."

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nikacheka, kwa adabu. Rosa alikuwa mdogo wake mama, aunti yangu, mwenye saluni mtaa wa Kawangware, pale stendi ya 56. Ijumaa ya wiki hiyohiyo mama alinifungia nguo mbili kwenye mfuko, akaniambia naenda kulala kwa aunti mpaka Jumapili.

Nitaeleza kama nilivyoona wakati ule, na nilichoona ni hiki: nimechambuliwa. Nilijua vizuri kabisa jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana niliifanya mwenyewe kwa mikono yangu, nikiibeba miche mirefu kuitoa nje. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na ushahidi.

Saluni ya aunti ilikuwa na harufu ya dawa ya nywele iliyowasha macho, na nyuma yake kulikuwa na chumba kisicho na dirisha ambako taa iliwaka hata saa sita mchana. Aunti alinipenda, sitamsingizia. Alininunulia chipsi, aliniweka chini ya drayer ya kukaushia nywele kunifurahisha. Lakini ile mara ya kwanza ilikuwa siku mbili, ya pili ikawa nne, na likizo ndefu ilipofika ikawa wiki nzima. Kila niliporudi Kibera nilikuta mama ameondoa kitu kingine.

Kwanza kilikuwa kikombe. Tulikuwa tukinywa chai kwa zamu kutoka kikombe kimoja kikubwa cha bati, na niliporudi nikakuta nimewekewa kingine cha peke yangu, na kile kikubwa nimekatazwa kukigusa. Halafu kitanda. Nilitandikiwa godoro chini, upande wa mlango, na mlango ukaachwa wazi kidogo eti hewa ipite. Halafu nywele. Alikuwa akinisuka kila Jumapili, akaniambia nikasukwe kwa aunti, mimi ni mkubwa. Nikaanza kutumwa mafuta ya taa peke yangu, kuwasha jiko peke yangu, kupeleka miche Ayany na kuongea na wenye nyumba mwenyewe huku yeye amekaa juu ya jiwe karibu na mto, amejifunika leso mdomoni. Alikuwa akikohoa. Watu wengi walikuwa wakikohoa wakati ule, na watu wengi walikonda, na majirani walikuwa wakinong'ona kuhusu ugonjwa huo wa kuambukizana bila kuutaja jina. Mimi sikuunganisha. Mtoto huangalia kile anachonyimwa, na mimi niliangalia kikombe.

Nikaanza kutembea nimejikunja. Nilidhani nikipungua urefu, mama atabadilisha nia. Niliinamisha shingo, nikakunja magoti chini ya gauni, mpaka Baba Achieng akapiga kelele kutoka kibandani kwake, "We msichana, nyooka! Utakuwa nyanya kabla ya wakati!" Nikamchukia kwa moyo wangu wote, kwa sababu yeye ndiye aliyenitangaza.

Na wakati huohuo kulikuwa na kitalu cha mwiritsa. Mama alikuwa amesafiri mpaka kwao kuleta mbegu zake, kwa kuwa mbegu ya mwiritsa haikai, ikikauka imekufa. Alizileta kwenye mkebe wa mafuta uliojaa vumbi la mbao lililolowa, akiwa ameupakata njia nzima, na aliposhuka alikuwa amechoka mpaka akalala siku mbili. Zikachipuka zote. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa majani. Alikuwa akiamka, anakwenda kuinua kona ya gunia, anachungulia, anaishusha taratibu. Magunia matatu, yote mapya, ya sukari, yanayonyunyiziwa maji asubuhi na jioni ili kivuli kiwe baridi. Godoro langu lilikuwa mlangoni na upepo unaniingia mgongoni, na mwiritsa ilikuwa na magunia matatu.

Nilirudi kutoka wiki ile ya likizo nikakuta kitalu kimebaki na magunia mawili. Jioni mama akaniambia, bila kuniangalia, "Kesho kutwa utarudi kwa Rosa. Wiki mbili."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Unazoea tu."

Neno lenyewe ndilo hilo. Alilitumia bila kujificha, nami nililijua kuliko neno lolote la shuleni. Kwa hiyo nilijua kwamba mimi ni mche mikononi mwake. Nilichokosea ni kudhani kwamba mimi ni ule wa kwa ukuta.

Asubuhi yake mama alijifunga kitambaa kizuri cha kichwani akasema anakwenda mjini. Niliachiwa kunyunyiza maji. Lilikuwa lile jua la baada ya Krismasi, kavu, lisilo na wingu hata moja. Nilifungua fundo la siku kama kawaida, maana sikuwa mtu wa kuharibu hesabu. Kisha nikashika magunia mawili ya mwiritsa, nikayavuta, nikayatoa. Nikasema kwa sauti, nakumbuka, "Kama ni kuzoea, tuzoee wote." Nikaenda kukaa chini ya mabati kivulini, nikatazama.

Miti haina kelele, hilo ndilo baya lake. Kufikia saa sita majani yalikuwa yamening'inia. Kufikia saa nane kingo zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Ningeweza kusimama na kurudisha magunia saa yoyote, na sikusimama.

Mama alirudi saa tisa na mfuko wa karatasi wa dawa mkononi. Hakupiga ukelele. Alipiga magoti, akagusa jani moja, likavunjika.

"Nani ametoa gunia?"

"Upepo."

Akageuka. Magunia yalikuwa kando ya nguzo, yamekunjwa mara nne, kona kwa kona, jinsi alivyonifundisha mwenyewe ili yasioze. Sikuwa nimefikiria. Mkono ulikunja wenyewe. Akayaangalia muda mrefu, halafu akaniangalia mimi, nilivyosimama nimejipinda.

"Huyo upepo amekunja vizuri," akasema.

Nilingoja kiboko. Nilikitaka, kusema kweli, kwa sababu kiboko ni cha mtoto wa nyumbani. Hakikuja. Alirudisha magunia yote matatu, akamwagilia hadi jioni akipumzika kila baada ya ndoo, na mimi sikumpokea ndoo. Usiku akala vijiko viwili vya ugali, akasema, "Hauendi kwa Rosa kesho. Utakaa na mimi hapa. Tutanyunyiza hii pamoja mpaka ishike."

Nikaelewa kwamba ni adhabu. Nimefungwa kifungo cha kuhudumia kile nilichokiunguza.

Sasa niwaambie kuhusu hizo wiki mbili, na niwaombe msinipe pole, kwa sababu pole haina pa kukaa. Mama alinisuka nywele. Alinikalisha mbele yake uani, akasuka mistari miwili, akapumzika, akasuka mitatu, akapumzika. Ilichukua siku tatu kumaliza kichwa kimoja, na mimi nilitembea nusu kichwa kimesukwa nikiona aibu. Alilihamisha godoro langu kutoka mlangoni likawa kando ya kitanda chake, mkono wake ukining'inia usawa wa bega langu. Alinisimulia habari za msitu, jinsi walivyookota matunda ya mwiritsa wakigombana na nyani. Siku moja, tukinyunyiza maji, akaniuliza, "Uko na swali yoyote unataka kuniuliza?"

Nikasema, "Sina."

"Yoyote tu."

"Nimesema sina."

Wiki mbili hizo nilizitumia kununa. Nilinuna kwa bidii, asubuhi mpaka jioni, nikijibu neno moja kwa kila maneno yake kumi, nikilala nimeelekea ukutani ili ule mkono usinipate. Robo ya mwiritsa ilipona, ikatoa majani mapya, madogo, mekundu kidogo, na mama akanionyesha. Nikasema, "Nimeona."

Halafu nikapelekwa Kawangware tena, siku mbili, nikarudi. Siku tatu, nikarudi. Nikashangaa kwamba hesabu imeanza upya, nikadhani aunti ndiye amenichoka. Mara ya tatu sikurudi. Nilikuwa kwenye kiti cha saluni, zamu yangu ya kuoshwa nywele, mtu akamwita aunti kwenye simu ya duka la hadwea. Alirudi kwenye kichwa changu. Aliniosha nywele, akazisuuza, akaziosha tena mara ya pili tangu mwanzo, na maji yalikuwa yameshapoa. Akanifuta masikio kwa taulo, sikio moja baada ya lingine. Ndipo akaniambia.

Huko kwao mama, karibu na msitu, tulipompeleka kumzika, wanawake waliniambia nisilie, mimi ni mkubwa, hebu mtu aone urefu wangu. Nikanyooka. Sikulia. Miche iliyobaki ilichukuliwa na aliyeichukua, mabati yaling'olewa, na miaka mingi baadaye pale chini wakajenga.

Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto mgongoni aunti Rosa alipofunga saluni na kuniita nichague ninachotaka katika vitu vyake. Akanipa mkebe wa vitana. Ndani, chini ya vitana, kulikuwa na kamba ya katani. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Niliuliza tu ilikuwa ya kitalu gani.

"Hiyo ni yako," akasema. "Mamako aliniletea tukianza. Nifungue moja kila siku ukiwa hapa, na nikifika kwa kitambaa nikurudishe Kibera kidogo, halafu tuendelee. Alikuwa amepiga hesabu vile daktari alimwambia. Alitaka ikiisha ukuwe umezoea kukaa kwangu, usishtuke."

"Na hamkuniambia."

"Alisema ukiambiwa utaungua mara moja." Akafuta kioo kilichokuwa tayari safi. "Halafu kukawa na ile maneno ya gunia. Alikuja hapa, sijui hata alipanda aje, alikuwa mgonjwa hivyo. Aliitisha kamba. Akaifungua yote, akakaa hapo kwa kiti akafunga mpya. Mafundo mob, mengi kuliko ya kwanza. Akaniambia, 'Rosa, nimemkimbiza huyu mtoto. Ameungua. Wacha nimrudishe kivulini kwanza.'"

Watu wanaonifahamu husema mama alifanya vizuri, eti nijitazame, nimesimama, nina kazi, nina watoto, sikuyumba. Huwa nanyamaza, lakini hapa nitasema. Mche hauna mdomo wa kuuliza wala sikio la kuambiwa. Mimi nilikuwa navyo vyote. Ningeweza kuambiwa, "Naumwa, nitakufa, kaa hapa karibu," na ningeungua, ndiyo, lakini ningeungua nikiwa nimelala nimeuelekea mkono wake. Badala yake nilipewa kivuli cha wiki mbili na sikujua ni kivuli. Namkasirikia. Nimejaribu kuacha na nimeshindwa, na hasira hiyo haina pengine pa kwenda ila kwa yule msichana mrefu aliyesema sina swali.

Kamba ninayo. Ina vitambaa vitatu vyekundu, na mafundo kumi na tisa ambayo hakuna aliyeyafungua, kwa sababu siku zake hazikufika. Kucha bado ninazo, na ningeyafungua yote kabla chai haijapoa. Sijagusa hata moja.